Samaki wa ziwa na plastiki: utafiti upi niuamini?

MamaKulwa_Mwaloni

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Mimi nauza dagaa na sato pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, huu mwaka wa kumi na nne. Juzi mteja wangu wa siku zote, mama mwenye mgahawa kule Nyamanoro, kaja na simu mkononi badala ya ndoo. Akanisomea ujumbe uliotumwa kwenye kundi lao la vikoba: nusu ya sangara wa Ziwa Victoria wana plastiki tumboni, na kila binadamu anakula plastiki yenye uzito wa kadi ya benki kila wiki. Chini wameweka "utafiti umethibitisha". Siku hiyo akachukua maharage kwa jirani yangu. Jana pia.

Usiku nikampigia binti yangu Doto, yuko chuo mwaka wa pili, nikamwambia nitafutie ukweli. Kanitumia habari nne. Ya kwanza inasema ubongo wa mtu una plastiki ya kujaza kijiko. Ya pili inasema huo utafiti wa ubongo una walakini. Ya tatu, lita moja ya maji ya chupa ina vipande 240,000. Ya nne, vifaranga vya samaki vinaacha chakula chao na kukimbilia plastiki. Nikamwuliza, sasa ipi ndiyo? Akanijibu, "Mama, zote ni tafiti."

Hilo si jibu. Mimi nikiletewa gunia la dagaa sinunui kwa kutazama juu. Juu siku zote wamepanga wazuri. Naingiza mkono hadi chini, natoa konzi, nanusa, naangalia mchanga uliobaki kiganjani. Sasa naomba mnaojua mniambie: gunia la utafiti, mkono unaingizwa wapi?

Sitaki kuambiwa "kula tu, tumekula miaka yote". Na kutishwa pia sitaki.

NyegeziKwetu

Mama Kulwa achana nao, hii ni vita ya biashara. Mwaka 1999 Ulaya walifungia samaki wa ziwa hili kwa habari za sumu, baba yangu alikuwa kiwandani, akarudishwa nyumbani. Leo sumu imeisha wamekuja na plastiki. Bibi yangu kala furu na dagaa hadi uzee wake wote, na maikroplastiki, hizo chembe ndogo za plastiki, hakuijua hata kwa jina.

MzeeHadubini

Mwangaluka Mama Kulwa. Nimesoma swali lako usiku nikaona nilale kwanza, maana jambo hili liliwahi kunitia aibu na sikutaka kulijibu kwa pupa.

Nyegezi, mwanangu, ile ya 1999 haikuwa hewa tupu. Walikuwepo watu wanaovua kwa sumu na sisi wa kandokando ya ziwa tunalijua hilo. Tuliache.

Mimi nilikuwa fundi sanifu wa maabara miaka thelathini na moja. Nimestaafu, nalima mahindi Magu. Miaka kumi na kitu iliyopita kijana mmoja wa shahada ya pili alituletea chupa za maji ya ziwa. Kazi yetu ilikuwa kuchuja, kuweka karatasi ya chujio chini ya hadubini, na kuhesabu plastiki. Tukaona nyuzi za bluu. Nyingi, kila chujio. Tukafurahi kama watu waliopiga mwamba wa dhahabu Geita, na yule kijana alishaanza kuandika kichwa cha ripoti.

Siku moja akapita mama mmoja mtafiti, mgeni wetu. Akasimama mlangoni. Hakutazama hadubini, alinitazama mimi. "Baba," akasema, "hilo koti umelivaa tangu mwanzo wa kazi hii?" Koti langu la maabara lilikuwa la bluu, la polista, limechakaa kwenye mikono hadi linatoa manyoya. Akatwambia tuchukue maji safi yaliyokwisha kuchujwa, tuyapitishe hatua zilezile, kwa vyombo vilevile, kisha tuhesabu. Tukafanya. Nyuzi za bluu zikatoka karibu sawa na za ziwani. Wiki sita tulikuwa tunahesabu koti langu.

Yale maji safi tunayaita sampuli tupu. Hapo ndipo mkono wako unapoanzia, Mama Kulwa. Chembe hizi ziko kwenye nguo, kwenye pazia, kwenye vumbi la feni, kwenye kifuniko cha chupa. Mtu anayesema kapata plastiki katika damu au samaki au chumvi lazima kwanza akwambie kapata ngapi mahali ambapo hapakuwa na damu wala samaki wala chumvi, na kwamba hizo amezitoa kwenye hesabu. Utafiti usiotaja sampuli tupu mimi siusomi zaidi. Naufunga.

Halafu nenda chini kidogo. Kipande alichokiona chini ya hadubini, alikijuaje kuwa ni plastiki? Kwa macho? Macho yanadanganya. Uzi wa pamba uliotiwa rangi na uzi wa polista, ukiwa mfupi kuliko punje ya mchele, ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 2020 ilitoka kazi ya watu waliokusanya nyuzi kutoka bahari nyingi za dunia, wakazipima takriban 2,000, moja baada ya nyingine, kwa mwanga wa infraredi, unaotambua kitu kimetengenezwa na nini. Za plastiki zilikuwa asilimia 8 tu. Zilizobaki nyingi ni za mimea kama pamba, na kiasi ni sufu na jamaa zake. Sasa rudi nyuma hadi 2018, utafiti wa sampuli 159 za maji ya bomba kutoka nchi mbalimbali, Uganda ikiwemo. Asilimia 81 ya sampuli zilikuwa na chembe, na kati ya chembe hizo 98 katika kila 100 zilikuwa nyuzi, zilizotambuliwa kwa kupaka rangi na kutazama. Wenyewe kwenye jarida waliandika kwa uangalifu "chembe zitokanazo na binadamu". Magazeti yakaandika plastiki. Unaona mahali gunia lilipopangwa juu?

Ndiyo maana nataka kukwambia kuhusu huo ujumbe wa nusu ya sangara, kwa sababu umezaliwa hapahapa Mwanza na mzazi wake ni utafiti ninaouheshimu. Biginagwa na wenzake, mwaka 2016. Walinunua samaki sokoni Mwanza, sangara 20 na sato 20, wakapasua matumbo. Vipande vilivyodhaniwa kuwa plastiki vikapatikana kwa sangara 11 na sato 7. Kumi na moja kati ya ishirini ni asilimia 55, hiyo ndiyo "nusu" ya kundi la vikoba. Lakini wao hawakuishia hapo. Walipeleka vile vipande kwenye mashine ya infraredi, kila kipande kikaulizwa jina lake. Waliobaki na plastiki iliyothibitishwa ni asilimia 20, yaani samaki wanne kati ya ishirini, kwa sangara na kwa sato vilevile. Vilikuwemo vya polithini, vya poliuretani, vya polista.

Kutoka 55 kushuka hadi 20. Mtu wa kawaida akisoma hivyo anasema ah, kumbe walikosea. Mimi nikisoma nasema hawa nawaamini. Namba imeshuka mikononi mwa wenyewe, na wameiandika ilivyoshuka. Aliyetuma ujumbe kachukua namba ya juu ya gunia.

Na hata hiyo ishike kwa vidole viwili. Samaki 20 ni wachache. Samaki mmoja tu akibadilika, asilimia inaruka tano. Tena walitazama matumbo. Sato wako, Mama, mteja anampasua, anatupa matumbo, anakaanga nyama. Utafiti ule ulithibitisha kuwa plastiki imefika ziwani na samaki wanaimeza. Habari ya kilichomo kwenye sahani ya Nyamanoro haimo.

Kadi ya benki nitaijibu nikitoka shambani, mvua imenyesha.

NyegeziKwetu

Sasa mzee si umeniunga mkono? Koti, pamba, sufu. Plastiki haipo.

MzeeHadubini

Sikusema hivyo, na ukinirudia nitakwambia tena.

Wewe umewahi kufika Mtoni Kijichi, Dar es Salaam? Mwaka 2020 walitoa matokeo ya mchanga wa pwani yetu, sehemu 18. Mtoni Kijichi, pale kwenye mkono wa bahari karibu na bandari na viwanda, walipata chembe 2,972 kwa kila kilo ya mchanga mkavu. Sehemu nyingine zote zilikuwa kati ya 15 na 214. Vumbi la maabara haliwezi kufanya kitu hicho. Ni kazi ya watu walewale na hatua zilezile. Koti la bluu lingechafua Kijichi na kwingine sawasawa. Tofauti ikiwa kubwa kiasi hicho, hata kama kila namba ina makosa yake, mlima unabaki mlima.

Ndiyo maana napenda utafiti unaolinganisha mahali na mahali kuliko unaokuja na namba moja kubwa.

Sasa kadi. Mwaka 2019 ilitangazwa na shirika la uhifadhi la WWF, kwa kazi iliyofanywa Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia. Hesabu yenyewe ilipochapishwa 2021 ilisema kati ya gramu 0.1 na gramu 5 kwa wiki. Tazama upana huo: mwisho wa juu ni mara hamsini ya mwisho wa chini. Kadi ya benki ni gramu 5. Wakachukua ncha ya juu wakaifanyia tangazo.

Walifikaje kwenye gramu? Hapo ndipo nitakusemesha lugha yako. Tafiti nyingi huhesabu vipande, hazipimi uzito. Sasa nikikwambia ndoo hii ina samaki mia moja, inabebeka? Utaniuliza mia moja wa nini, dagaa au sangara. Mtu anayegeuza idadi kuwa uzito bila kujua vizuri ukubwa wa kila kipande anauza ndoo ya dagaa kwa bei ya sangara. Na kosa dogo la ukubwa linazaa kosa kubwa la uzito: kipande chenye upana mara mbili kina uzito mara nane.

Mwaka huohuo wa 2021 kikundi cha Wageningen, Uholanzi, walifanya hesabu upya wakizingatia ukubwa wa vipande, ingawa si vyakula vyote vilivyokuwa na takwimu. Wakapata mtu mzima wa kawaida anaingiza nanogramu 583 kwa siku (nanogramu elfu moja ni maikrogramu moja). Kwa wiki ni maikrogramu 4 na ushee. Gramu moja ina maikrogramu milioni moja, kwa hiyo chukua kalamu: kumaliza kadi moja ya benki kwa mwendo huo utahitaji zaidi ya miaka 23,000. Na walianza na aina ileile ya takwimu!

Usinisikie nikisema 583 ndiyo kweli ya mwisho. Ninachosema ni kwamba wajuzi wawili wakitofautiana mara milioni, kipimo bado hakijakaa sawa, na anayekutangazia ncha moja anakuficha ya pili.

Doto_K

Mama umenianika mbele za watu 😅 Shikamoo mzee.

Nikiri kosa langu. Ile habari ya nne, ya vifaranga vya samaki kupenda plastiki kuliko chakula, nimeifuatilia leo. Ilitoka jarida la Science mwaka 2016, kutoka Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Watafiti wenzao waliokuwepo kwenye kituo hichohicho cha kisiwani Gotland wakasema mbona jaribio hatukuliona likifanyika namna ile. Walipoombwa data, wakajibu kompyuta iliyokuwa nazo imeibwa. Mei 2017 makala ikaondolewa rasmi. Miaka yote hii, na bado inazunguka mtandaoni na mimi nikaituma kwa mama yangu.

Mzee, jarida kubwa kama lile linapitishaje kitu kama hicho?

MzeeHadubini

Marahaba binti. Wanaopitia makala hupelekewa karatasi, hawapelekewi maabara. Wanasoma ulichosema umefanya. Kama umesema hukukifanya, ni wenzako wa kituoni tu watakaojua. Ndiyo maana "iko kwenye jarida kubwa" kwangu ni sawa na gunia lenye nembo nzuri. Mama yako nembo haimzuii kuingiza mkono.

Ulivyofanya leo, kutafuta kama makala imeondolewa au imesahihishwa, fanya kila mara. Ni dakika mbili.

DaktariMtarajiwa

Niko mwaka wa nne udaktari, naomba nichangie upande wa madhara, maana hapo ndipo watu wanaogopa.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Italia, ulitoka New England Journal of Medicine Machi 2024. Wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mshipa wa shingo, ule uliojaa mafuta. Waliofuatiliwa walikuwa 257. Kwa 150 kati yao, asilimia 58.4, ilionekana polithini ndani ya ule uchafu wa mshipa. Baada ya kama miezi 34, waliokuwa na plastiki walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kwa kiwango cha mara nne na nusu ya wenzao. Huu si utani. Mara nne na nusu ni kubwa kuliko hatari nyingi tunazofundishwa.

MzeeHadubini

Daktari, umeueleza vizuri. Sasa kaa upande wa pili wa meza ujiulize kama ningekuwa mimi mchambuzi wako. Mshipa umetolewa chumba cha upasuaji, mahali penye mirija ya plastiki, mifuko ya plastiki, glavu, mabomba. Je, waliweka sampuli tupu hukohuko ndani, au maabara tu?

DaktariMtarajiwa

Nimerudi kusoma. Wenyewe wanakubali kwenye makala kuwa uchafuzi wa sampuli hauwezi kuondolewa kabisa, na kwamba utafiti hauthibitishi kuwa plastiki ndiyo iliyosababisha. Hawakupima wagonjwa wanakula nini, wanaishi kwenye hewa gani. Mtu anayekaa kandokando ya barabara kuu anavuta vumbi la matairi na moshi kwa pamoja, na moshi peke yake unajulikana kuharibu moyo. Kwa hiyo plastiki inaweza kuwa mwuaji, au inaweza kuwa shahidi aliyekutwa eneo la tukio.

Lakini mzee, nitetee kidogo. Kama ni uchafu wa chumba cha upasuaji tu, kwa nini uwapate waliokuja kuugua zaidi ya wengine? Uchafu ungewapata wote bila kuchagua.

MzeeHadubini

Hoja hiyo nakupa, na sina cha kuipunguzia. Ni mantiki ileile niliyoitumia Kijichi. Kwa hiyo utafiti ule siutupi. Nauweka kwenye rafu ya "urudiwe, na watu wengine, nchi nyingine".

Ule wa ubongo nauweka rafu nyingine. Ulitoka Nature Medicine 2025, wa Chuo Kikuu cha New Mexico. Ndio wa kijiko. Wao hawakuhesabu vipande. Walichukua tishu, wakayeyusha, mabaki wakayachoma, mashine ikanusa moshi na kusema hii ni plastiki gani na kiasi gani. Mbinu nzuri kwa mchanga. Lakini ubongo umejaa mafuta, na mnyororo wa mafuta na mnyororo wa polithini ni kaboni zilizoshikana mikono kwa namna inayofanana. Ukivichoma vinatoa vipande vinavyofanana. Kama mafuta hayajasafishwa yakaisha, mashine inanusa ubongo wenyewe na kukuandikia mfuko wa nailoni. Na plastiki iliyoongoza katika matokeo yao ni ipi? Polithini. Watafiti wa Australia walioijaribu mbinu hiyo kwenye damu mwaka huohuo walisema kwa polithini na PVC, plastiki ya mabomba, bado haifai.

Hata mashine ya infraredi niliyoisifu hudanganyika. Mwaka 2020 Wajerumani walionyesha kuwa glavu za maabara huachia utando fulani, jamaa ya sabuni, ambao mashine huweza kuusoma kama polithini. Fikiria, mtu kavaa glavu ili asichafue!

Kuna kikundi, ndio haohao wa Wageningen na wenzao, waliochukua tafiti 50 za plastiki kwenye maji ya kunywa na maji baridi, wakazipa alama kwa vigezo tisa. Ulichota maji kiasi gani, hewa ya maabara ilikuwa safi, sampuli tupu zipo, ulithibitisha aina ya plastiki. Kimoja nakipenda: je, uliwahi kuweka chembe unazozijua idadi yake, ukapitisha hatua zote, ukaona unazipata ngapi mwishoni? Mtu akiweka ishirini akapata nane, basi na zile za ziwani anazikosa kwa kiwango hicho. Makosa si ya kuzidisha tu, kuna ya kupunguza pia. Tafiti ngapi kati ya 50 hazikupata sifuri kwenye kigezo chochote? Nne. Hiyo ni 2019, tangu hapo kazi zimekuwa bora, lakini ukikutana na utafiti wa zamani kumbuka hiyo nne.

DaktariMtarajiwa

Niongeze moja kuhusu panya na viumbe wa maabara, kwa sababu ndiko "plastiki inaharibu mbegu za uzazi" inakotoka. Nyingi hutumia vijipira vya polistairini, aina ya plastiki, safi, vya dukani, vyote saizi moja. Ziwani hakuna kitu kama hicho. Kuna vipande vya ndoo, nyuzi za nyavu, vyenye pembe, vimeota ute. Na kipimo: mwaka 2016 walilinganisha dozi za maabara na kiasi kinachopatikana baharini, wakakuta maabara wanazidisha kati ya mara 100 na mara milioni 10. Kuna na kisa cha 2019, viroboto-maji, viumbe wadogo wa majini, walikufa, plastiki ikalaumiwa, kumbe kilichowaua ni dawa ya kuhifadhia iliyokuwa ndani ya chupa ya hivyo vijipira vilivyonunuliwa.

Mwana_wa_Fumba

Asalaam aleikum. Sisi huku Unguja kombe tunamla mzima na tumbo lake, hatupasui. Je na ile ya matumbo yatuhusu?

MzeeHadubini

Inawahusu kuliko sisi tunaokula sato. Utafiti huohuo wa pwani wa 2020 ulipima na kombe, wakapata chembe kwenye sehemu nne kati ya tano walizochukua. Mnyama unayemla na tumbo lake ndiye wa kuulizia.

MamaKulwa_Mwaloni

Mzee umenigusa kidonda. Dagaa je? Dagaa nani anampasua?

Ila kwanza niwaambie, nimeelewa ile ya maji ya chupa bila kufundishwa. Doto kaniambia utafiti wa 2018 ulipata wastani wa vipande 325 kwa lita, huu wa 2024 ukapata 240,000. Nikacheka. Maji hayakuchafuka mara mia saba kwa miaka sita, wamebadilisha wavu. Ukivua kwa nyavu ya sangara utasema ziwa halina dagaa.

MzeeHadubini

Mama Kulwa, ungekuwa na hadubini ningekukabidhi kazi. Ndivyo hasa. Wa 2024 walitumia leza inayoona vitu vidogo mno, na asilimia 90 ya walivyohesabu ni vya aina hiyo ambavyo wa kwanza wasingeweza kuviona. Tafiti mbili zenye matundu tofauti ya wavu hazilinganishwi.

Dagaa. Swali lao ni tofauti na gumu zaidi. Analiwa mzima, kwa hiyo kilichomo tumboni kinaliwa. Na wewe unajua anavyoanikwa: mchangani, au juu ya nyavu kuukuu za nailoni, upepo unavuma, watu wanapita. Mtu akija sokoni akanunua dagaa mkavu, akapata nyuzi, akaandika "dagaa wa ziwa wana plastiki", mwulize: hiyo plastiki dagaa kaimeza, au imemrukia akiwa kaanikwa? Utafiti wa maana ungechukua dagaa wabichi mtumbwini alfajiri, wengine wa kundi hilohilo baada ya kuanikwa mchangani, na wengine walioanikwa kwenye chanja, uwalinganishe watatu. Ukikuta wa mchangani wamezidi, tatizo ni uanikaji na tiba yake iko mikononi mwenu. Ukikuta wote sawa, limetoka ziwani.

Kwa sasa wa chanja ni bora, hata kwa ajili ya kuepuka mchanga tu ungeshasema hivyo. Kuosha kunaondoa kilichoshika nje, hakugusi tumbo. Na yule mama wa Nyamanoro mwambie maharage nayo huja kwenye mfuko wa salfeti, na salfeti ni plastiki iliyosokotwa.

MamaKulwa_Mwaloni

😂😂 Hilo nitamwambia kesho asubuhi kabla hajafika kwa jirani.

Nimeandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma: sampuli tupu, jina la kipande, dagaa au sangara kwenye ndoo, tundu la wavu, koti. Doto kaniahidi kila habari atakayonituma ataipitisha hapo kwanza. Na kuna vijana wa utafiti huwa wanakuja Mwaloni kununua samaki wa kupasua. Safari ijayo hawachukui bila kunijibu wameanika wapi na wamevaa nini.

NyegeziKwetu

Mzee samahani kwa ubishi. Swali la mwisho, lile koti uliliweka wapi?

MzeeHadubini

Nimelivaa. Nalipalilia nalo mahindi.